Kamati Haitoi Sababu

Minna Wachtel alikuwa ameishi ghorofa ya tatu miaka arobaini na mmoja, na wazo la kuuza lilikuwa haliguswi kabisa, mpaka lifti ilipokufa mwezi wa Agosti. Siku tisa nzima ilikuwa imekufa. Yeye akawa anapanda ngazi kwa kukaa: ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine, pumzi, paketi ya maziwa mapajani. Jirani mmoja akamkuta hapo akataka kumwinua. "Niache," Minna akamwambia, "napumzika kwa raha zangu." Raha gani! Mtu una miaka themanini na mmoja, umekaa ngazini kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Jioni ile alimpigia simu binti yake wa Rochester akasema haya, umeshinda, nakuja.

Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko ambalo ukifungua oveni huwezi kufungua friji. Lakini ilijengwa mwaka 1926, zama za watu waliojua kujenga. Kuta nene, jirani akigombana na mkewe wewe unasoma gazeti lako. Dari iko juu, sakafu ni ya mbao za mwaloni, na dirisha la jikoni linatazama bustani ya ndani ambayo mpita njia haioni hata akiomba. Majengo ya namna hiyo yamejaa mtaani kwao, Jackson Heights, na watu wanayagombania.

Ila humo hununui kwa kutoa pesa tu ukapewa funguo. Jengo ni la ushirika. Unachonunua ni hisa, na wenye hisa wenzako ndio watakaoamua kama wanakutaka. Wana kamati yao. Kamati inakuomba karatasi za benki, za kodi, za mshahara, barua za watu wanaokufahamu, halafu inakuita kwenye usaili ikakutazama kuanzia kichwani hadi soli ya kiatu. Ikikupenda, karibu. Isipokupenda, inakuandikia mstari mmoja, na huo mstari hausemi kwa nini.

Mstari huo aliutunga Minna. Alikuwa katibu wa kamati miaka kumi na tisa, na kalamu ilikuwa yake. "Kamati imelifikiria ombi lako na imeamua kutolikubali." Basi. Akaongeza na kanuni kwamba mjumbe atakayetoa sababu nje ya kikao amejifukuza mwenyewe. Mwanasheria alikuwa amemtia hofu, kwamba neno moja la kijinga lingetosha kuwafikisha wote mahakamani. Mwanzo ilikuwa hofu kweli. Baadaye, tusifichane, ikawa tamu. Kuna utamu wake katika kujua kitu ambacho mwenzako hapati usingizi kwa kutaka kukijua.

Dalali alimletea watu kumi na mmoja. Mmoja aliingia akaanza kupima kuta kwa kamba bila hata salamu. Mwingine aliuliza ukuta upi unavunjika. Minna aliwaaga wote kwa tabasamu la meno tu. Wa kumi na mbili alikuwa Merlinda Palmares, muuguzi wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye macho ya mtu asiyelala sawasawa. Alikuja na mama yake, kibibi kifupi kilichovaa sweta mbili. Merlinda alimwita Nanay, ndivyo wanavyomwita mama kwao Iloilo, ng'ambo ya bahari, na saa moja baadaye Minna naye alikuwa akimwita hivyo hivyo.

"Bibi, choo kinavuja?" Nanay aliuliza kabla hajavua koti.

"Hakivuji."

"Majirani wana kelele?"

"Mwenye kelele ni mimi, na mimi naondoka."

Nanay alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa na kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa, cha uzee tu. Akaenda moja kwa moja jikoni, akavuta kiti cha Minna bila kuomba ruhusa, akakaa dirishani. Akatazama nje, kwenye mti. Merlinda alikuwa anakagua mabomba ya mvuke ya kupashia nyumba joto sebuleni.

"Sisi tunakaa chini ya nyumba ya watu, kule Woodside," Nanay akasema. "Dirisha letu liko usawa wa barabara. Miaka kumi na mbili naona viatu tu. Viatu vya mtaa mzima navijua. Huu mti unaitwaje?"

"Mkuyu wa mjini. Sijui jina lake la shule."

"Nimeona kichwa chake," Nanay akasema, kisha akamwita Merlinda kwa jina la kifupi. "Linda! Njoo uone, mti una kichwa."

Minna moyo ukamlainika palepale. Aliwauliza watalalaje, chumba ni kimoja. Nanay akamtazama kama anayemshangaa. Linda anafanya kazi usiku, anarudi asubuhi mama akiwa ameshaamka, sasa kitanda cha pili cha nini?

Bei aliyokuwa ameipanga na dalali ilikuwa dola laki nne na ishirini elfu, na ndiyo bei ya mtaa. Benki ya Merlinda isingefika hapo hata ingevutwa kwa kamba. Minna akasema atawapa kwa laki tatu na nusu. Dalali akatoa macho. "Mama, una uhakika?" Minna akamjibu kuwa mali ni yake, akitaka kuigawa kama peremende ataigawa. Binti yake alikuwa na nafasi, yeye mwenyewe pensheni ilimtosha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijisikia mtu mwema. Alitembea wiki nzima akijipongeza kimoyomoyo.

Usaili ulifanyika kwa Ira Lustig, mwenyekiti, daktari wa meno aliyestaafu, ghorofa ya sita. Muuzaji haruhusiwi kuingia. Minna alingoja kwake na birika jikoni. Walipotoka walipitia kwake, Merlinda amejaa wasiwasi, Nanay amebeba bati tupu la keki ya mchele.

"Walikula," Nanay akasema. "Wote isipokuwa yule mwenye tai. Lakini nilikohoa, Bibi. Nilikohoa sana. Wameniuliza kama nami nitahamia, nikataka kujibu vizuri, kikohozi kikanikamata. Yule mwenye tai akasogeza kiti."

"Hawakatai mtu kwa kikohozi," Minna akacheka. "Miaka kumi na tisa nimekaa pale. Ingekuwa kikohozi, jengo lingekuwa tupu."

Barua ikaja Jumatano. Minna aliifungua amesimama, na kabla hajamaliza aliutambua mstari wake. Hawakubadilisha hata mkato. Alikaa chini taratibu.

Merlinda akapiga simu saa sita mchana. Yake ilikuwa imemfikia kwa barua pepe. "Bi Minna, tumekosea wapi?"

"Sijui, mwanangu. Ngoja nimwone Ira."

Alipanda mpaka kwa Ira akiwa amejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Ira alimfungulia na soksi miguuni, akamkaribisha, akamwekea kahawa, na Minna hakuigusa.

"Ira, nieleze."

"Minna, wewe wa kuniuliza mimi hilo?"

"Nakuuliza."

"Siwezi. Unajua siwezi. Wewe ndiye uliyeniapisha." Akazungusha kijiko kwenye kikombe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alifundishwa na huyohuyo aliyekaa mbele yake. "Nitakuambia kitu kimoja tu halafu sitasema tena. Umemsahau Nuala?"

Ndipo uso ulipomshuka Minna.

Nuala Geraghty alikuwa rafiki yake wa ghorofa ya tano, rafiki wa kweli, wa kukopeshana sukari na kuambiana ya waume zao. Alipougua aliamua kumuuzia nyumba yake mwanamke aliyemuuguza, tena kwa bei ya kutupa. Kamati ikakataa. Si kwamba yule mwanamke alikuwa na kasoro. Mmoja akiuza rahisi kwenye jengo la ushirika, bei hiyo inaandikwa, na kesho atakayetaka kuuza ataambiwa mbona ya Nuala ilikwenda kwa kiasi kile. Wote mnashuka naye. Aliyelisema hilo kikaoni kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Minna. Akaandika mstari wake, akautia bahasha, akapiga stempu.

Nuala alishuka ghorofa mbili kwa miguu, na ugonjwa ule, akagonga. "Minna, niambie tu nijue. Sitakushtaki mimi." Minna akasimama mlangoni akasema, "Siwezi, Nuala. Kanuni." Nuala aliishi miezi minne baada ya hapo na hakumsalimia tena. Nyumba ilikuja kuuzwa na warithi kwa bei nzuri, na ya Minna nayo ikapanda.

Sasa imekuwaje mtu kama huyo, aliyelinda bei za wenzake miaka yote hiyo, akasahau ilipofika zamu yake? Alisahau kwa sababu alikuwa anafanya wema. Alidhani wema hauingii kwenye kanuni. Alishuka kutoka kwa Ira akijua kila kitu, jua likiwa bado liko juu ya mapaa, Jumatano ileile.

Alhamisi Merlinda alipiga tena. "Wamesemaje?"

"Hawasemi. Hawasemi kamwe."

"Nanay hajala tangu jana. Anasema ni yeye. Anasema ni kikohozi, na Kiingereza chake, na keki. Anasema ningekwenda peke yangu ningepata."

"Mwambie si yeye."

"Sasa ni nini?"

Hapa ndipo mtu anapotaka kumshika Minna mabega amtikise. Neno lilikuwa mdomoni. Bei. Silabi mbili! Lakini akaona itabidi aseme na la pili, kwamba ni yeye aliyewapunguzia na ni yeye aliyeijua sheria, na la tatu, kwamba kunyamaza kwao ni kazi ya mkono wake. Akaona pia kwamba Ira amempa siri kwa imani. Akajiambia atalirekebisha kwanza, halafu atakwenda kusema na habari njema mkononi, ambayo itafunika aibu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nipe siku chache."

Ijumaa aliandika barua kwa kamati. Jumamosi akaiandika upya. Jumapili alikaa jikoni akiitazama bustani, mara mbili akanyanyua simu na mara mbili akaiweka chini. Aliona afadhali amalize kwanza. Jumatatu kamati ilikutana, akaingia na fimbo yake, akaomba kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake. Yule mwenye tai alitazama dari. Mwishowe Ira akasema bei ikirudi ilipostahili kuwa, watalitazama ombi lilelile kwa macho mapya, na hawana neno na yule muuguzi, mtu safi kabisa. Minna alikuwa ameshapiga hesabu. Bei itapanda, na kile kilichozidi yeye atamkopesha Merlinda bila riba, alipe mpaka kiama akitaka. Alitoka pale miguu myepesi. Nyumba imepatikana!

Jumanne saa kumi na moja jioni alichukua teksi mpaka Woodside. Ngazi za kushuka zilikuwa sita na hazina pa kushika. Merlinda alifungua mlango amevaa sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Bi Minna! Umeshukaje hapa?"

"Kwa kitako. Nimekuja kusema kitu. Mwite na Nanay asikie."

Merlinda akaweka kiatu chini. "Nanay ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani. Iloilo, kwa kaka yangu. Alimpigia Ijumaa akamwambia amkatie tikiti, mimi niko kazini. Nimerudi asubuhi nimekuta begi limefungwa. Nilimsihi, nikalia, nikamkemea. Ananijibu, mimi ndiye ninayekuzibia, Linda, nikiondoka wataku­pokea. Jumapili nikampeleka uwanja wa ndege." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Ana miaka themanini na minne. Daktari wake alisema safari hiyo asiifanye tena. Ndiyo hivyo, keshakwenda, Bi Minna. Harudi."

Minna alitafuta pa kukaa akakaa kitandani. Kilikuwa kimoja, kimetandikwa vizuri. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwenye teksi yakamtoka ovyo.

"Hakikuwa kikohozi. Ilikuwa bei."

"Bei gani?"

"Niliyokupa. Niliwauzia rahisi, wakaona nawashushia wote. Hilo tu. Wewe hawana neno nawe. Nanay hawana neno naye. Hata keki waliisifu."

"Si kikohozi?"

"Si kikohozi."

"Si sura zetu? Si Kiingereza?"

"Bei, mwanangu. Bei tu."

Merlinda alibaki amesimama na kiatu kimoja. "Sasa si wangesema! Neno moja. Neno moja, Mungu wangu, si wangeandika tu!"

"Nilikataza."

"Nani?"

"Mimi. Ile barua ni maneno yangu. Kanuni ya kutosema ni yangu." Minna akajikaza amalize. "Nimeongea nao jana. Ukipandisha bei watakukubali, na hicho kinachozidi nitakukopesha mimi. Nyumba bado ni yenu."

"Yetu na nani?" Merlinda akauliza. "Mimi nalala mchana, Bi Minna, mapazia yamefungwa. Dirisha lilikuwa la Nanay. Mimi hapa pananitosha."

Minna aliinua macho. Juu yao, dirishani, kulipita viatu vya mtoto vikikimbia, na nyuma yake viatu vya mtu mzima.

Merlinda alichukua simu. "Huko kunakucha, ameshaamka. Utamwambia mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia bila kulia."

Uso wa Nanay ukatokea kwenye kioo, karibu mno, nusu paji na jicho moja. Nyuma yake jogoo alikuwa anawika kwa fujo. "Linda? Na huyo nani? Bibi! Bibi wa ghorofa ya tatu! Magoti yako yanaendeleaje?"

"Yapo, Nanay," Minna akasema. Akaisogeza simu karibu. Alimweleza lote, la bei, la kanuni, la mstari, taratibu, kwa maneno mepesi, na hakujitetea mahali popote. Nanay alisikiliza jicho likiwa limetulia.

"Kwa hiyo si kikohozi," akasema mwishowe.

"Si kikohozi."

"Loo! Mimi nimekaa kwenye ndege ile, saa nyingi zile, nimeziba mdomo kwa leso nisikohoe. Abiria wenzangu wakadhani nalia." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Kumbe ulitaka kutusaidia ukatuharibia. Ungekuwa bahili tungepata nyumba!"

"Ndiyo, Nanay. Nisamehe."

"Sasa hayo umeyajua lini?"

Jogoo akawika. Minna alimtazama Merlinda, na Merlinda naye akamtazama, kwa sababu hilo swali hakuwa amelifikia bado.

"Jumatano," Minna akasema, kwa sauti ya chini. "Jumatano ileile ya barua."

"Anasemaje? Sisikii, huyu jogoo leo namchinja."

Merlinda alikuwa bado anamtazama. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo, kama anayehesabu. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Minna alimwona akifika Jumapili, akamwona akisimama hapo, na akangoja apigwe au atukanwe, maana lolote kati ya hayo lingekuwa haki yake na lingempunguzia.

Merlinda akaivuta simu kwake. "Anasema leo, Nay. Amejua leo."

"Ah, maskini! Kajua leo na leo hiihii kaja mbio, na magoti yale. Umempa chochote ale?"

"Bado."

"Linda! Mpakulie wali. Mtu mzima kama huyo hatoki kwetu na njaa."

"Ndiyo, Nay."

Merlinda alikata simu akaenda jikoni. Alifungua sufuria, akapakua wali na kipande cha samaki, akaleta na uma na kijiko, akaiweka sahani mapajani mwa Minna bila kumtazama usoni. Akavaa kiatu cha pili, akafunga kamba. Kisha akasimama mlangoni na mkoba begani, akimngoja ale amalize.